Wanaotaka kusoma historia, siasa na uchumi wa Ulaya chuoni: historia ndiyo inayoangusha watu, si hesabu

Mpiga Kasia (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila msimu wa kuomba vyuo ukikaribia nafuatwa faragha na swali lilelile: ile shahada ya uzamili ya masomo ya Ulaya, yaani historia, siasa na uchumi kwa mpigo, ndani yake kuna nini, na mtu aliyetoka sayansi ya siasa au uchumi anatoboa? Nimechoka kunakili majibu. Naweka hapa kwa vipande, mwenye swali arushe.

Mimi nilisoma Ubelgiji. Chuo nakiacha bila jina, maana malalamiko ninayo na uzi huu si wa hayo. Vyuo vyenyewe ni vingi. Mkongwe wao ni Chuo cha Ulaya cha Bruges, kilichoanzishwa 1949, yaani kabla hata ile jumuiya ya Ulaya ya makaa ya mawe na chuma, mbegu ya Umoja wa Ulaya wa leo, haijazaliwa. Lakini leo karibu kila nchi ina kozi ya namna hii, na nyingi zinafundishwa kwa Kiingereza.

Msiende mkidhani ni masomo matatu yamepakuliwa kwenye sahani moja. Ukienda hivyo mitihani midogo utafaulu, halafu insha ya mwisho wa muhula ikukalishe. Kinachofundishwa pale ni ugomvi. Tukio moja lina maelezo matatu, na wewe unatakiwa useme yapi yana uzito zaidi na kwa ushahidi upi. Mchumi atakuambia yuro ilikuwa hesabu mbaya. Mtu wa siasa atakuambia yalikuwa makubaliano mazuri. Mwanahistoria anawauliza wote wawili: mwaka gani?

Nitoe mfano wa darasani. Mkufunzi wetu wa semina, mama mmoja Mjerumani asiyecheka ovyo, alitugawia karatasi yenye safu mbili za tarakimu tupu. Safu ya kwanza ilikuwa bei ya dola moja kwa marki, sarafu ya Ujerumani ya wakati huo, inapanda mpaka Novemba 1923 inafika marki trilioni 4.2. Safu ya pili ilikuwa asilimia ya kura za chama cha Hitler: Mei 1928, 2.6. Septemba 1930, 18.3. Julai 1932, 37.3. Akasema andikeni aya moja, mfumuko wa bei ulimwingizaje Hitler madarakani. Karibu darasa zima likainama kuandika. Alipozikusanya akazipitia kimya, kisha akauliza: "Kati ya 1923 na 1930 mlikwenda wapi?"

Marki ilishatulizwa mwishoni mwa 1923 kwa kutoa sarafu mpya, Rentenmark. Miaka mitano baadaye wapiga kura walimpa Hitler 2.6%. Ngazi aliyopandia ilikuwa nyingine: mdororo wa uchumi ulioanza 1929, watu kama milioni 6 wasio na kazi kufikia mwanzo wa 1932, na serikali ya kansela Brüning iliyokuwa inakata mishahara na kuongeza kodi katikati ya balaa hilo. Wakati ule bei zilikuwa zinashuka! Sikatai kwamba 1923 ulifilisi akiba za watu wa kati na kuwafanya waichukie jamhuri, wapo wanahistoria wanaolishikilia hilo na wana hoja. Lakini hairuhusiwi kuruka miaka saba kwa kiunganishi "kwa hiyo".

Na mchumi asiseme hayamhusu. Hofu iliyojengewa Bundesbank, benki kuu ya Ujerumani Magharibi, mwaka 1957, na baadaye kurithiwa na Benki Kuu ya Ulaya, ni ya 1923. Mkataba wa Umoja wa Ulaya unasema kazi kuu ya Benki Kuu hiyo ni utulivu wa bei, mengine yanafuata. Hofu ya 1932, ya watu kukosa kazi, haikupewa ofisi.

Nitaendelea.

Mchumi wa Kijiweni

Mkuu, simulizi tamu ila yuro inaelezeka bila hadithi. Mchumi Robert Mundell alishaandika tangu 1961, na wenzake wakaongezea: nchi zikitaka kutumia sarafu moja zinahitaji wafanyakazi wanaohama kirahisi, mishahara inayoweza kupanda na kushuka, na mfuko wa pamoja wa kumwinua aliyeanguka. Ulaya haikuwa navyo vya kutosha. Wakajitumbukiza. Ugiriki ikapika takwimu, ikaanguka. Mjadala umefungwa.

Mpiga Kasia

Mchumi, umeanza vizuri ukamalizia vibaya 😀

Mundell yupo kwenye kila mtaala na lazima umjue. Lakini chukua Hispania. Mwaka 2007 deni lake la taifa lilikuwa chini ya 40% ya pato la taifa, na bajeti ilikuwa na ziada. Ireland deni lake lilikuwa dogo zaidi. Kwa kanuni za Maastricht, mkataba uliozaa yuro, hao walikuwa wanafunzi bora darasani. Walioivunja mapema kanuni ya nakisi, yaani kiasi ambacho matumizi ya serikali yanazidi mapato yake, ni Ujerumani na Ufaransa, na Novemba 2003 mawaziri wa fedha wakausimamisha utaratibu wa kuwaadhibu. Ukisema "Ugiriki ilidanganya" umeeleza nchi moja.

Kilichoiua Hispania kilitoka kwenye riba. Kuanzia Juni 2003 mpaka Desemba 2005 Benki Kuu ya Ulaya iliweka riba yake kuu kwenye 2%. Kwa Ujerumani iliyokuwa imelala, hiyo ilikuwa sawa. Kwa Hispania na Ireland, ambako bei na mishahara vilikuwa vinakimbia, mkopo ukawa karibu wa bure. Watu wakajenga nyumba mpaka wakakosa wa kuziishi. Mabenki yalipoanguka, serikali ikabeba mzigo, na deni binafsi likageuka kuwa la umma. Hapo Mundell anakusaidia kweli. Tatizo lilikuwa riba moja kwa nchi zenye hali tofauti, na tabia mbaya haikuwa sharti.

Kwa Ugiriki uko sahihi nusu. Oktoba 2009 serikali mpya iliingia, ikatangaza kwamba nakisi ya mwaka ule inazidi 12% ya pato la taifa, na hesabu za mwisho zikaivusha 15%. Mei 2010 ukaja mkopo wa yuro bilioni 110, 80 kutoka nchi za yuro na 30 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), na masharti yake mnayajua.

Sasa weka tarehe mbili mezani. Tarehe 27 Februari 1953, London, wadai wa Ujerumani wanakubali kufuta karibu nusu ya deni lake la nje, na ulipaji wa kilichobaki unafungamanishwa na ziada ya biashara yake. Kati ya waliotia saini yumo Ugiriki. Tarehe 3 Oktoba 2010, miezi mitano baada ya Ugiriki kupewa masharti yake, Ujerumani inalipa kipande cha mwisho cha riba iliyotokana na madeni ya enzi ya Vita vya Kwanza, ambayo London waliiahirisha mpaka siku nchi itakapoungana tena.

Ukiandika hapo "kwa hiyo Wajerumani ni wanafiki", umepoteza alama. Mwaka 1953 Vita Baridi vilikuwa vimepamba moto, na Marekani ilitaka Ujerumani Magharibi iinuke haraka isimame mbele ya Wasovieti. Nani angeitaka Ugiriki ya 2010 iinuke kwa sababu ya namna hiyo? Swali zuri ni hilo, na kulijibu unahitaji masomo yote matatu.

Nasra_Tanga

Kaka Mpiga Kasia, asante kwa uzi. Mimi nina shahada ya sayansi ya siasa na naomba mwaka huu. Nina maswali mawili. Nimesoma mahali kwamba Kohl, kansela wa Ujerumani Magharibi, aliitoa marki ili Mitterrand, rais wa Ufaransa, akubali Ujerumani iungane, ni kweli? La pili, hesabu zinatakiwa kiasi gani? Mimi na hesabu tuliachana kidato cha nne kwa amani.

Mpiga Kasia

Dada Nasra, karibu. Hilo la Kohl ni swali linalopendwa sana kwenye mitihani, kwa hiyo tulipange.

Juni 1988, viongozi wakiwa Hanover, wanaunda kamati chini ya Jacques Delors, rais wa Tume ya Ulaya, ichunguze njia ya kufikia sarafu ya pamoja. Ripoti inatoka Aprili 1989. Ukuta wa Berlin unaanguka 9 Novemba 1989. Yaani safari ilishaanza wakati hakuna aliyewaza kwamba Ujerumani itaungana karibuni. Na hata hiyo haikuwa mara ya kwanza. Mpango wa Werner wa sarafu ya pamoja ulikuwepo tangu 1970 ukafa kwenye misukosuko ya sarafu, na mwaka 1979 wakaunda mfumo wa kubana viwango vya kubadilishia fedha. Ndani ya mfumo huo Bundesbank ikipandisha riba, Paris na Brussels wanafuata wapende wasipende. Ufaransa ilitaka kiti kwenye meza ambako riba inaamuliwa. Hiyo sababu ilikuwepo hata ukuta ungesimama mpaka leo.

Kilichobadilika ni Desemba 1989, Strasbourg. Pale walikubaliana kuitisha mkutano wa kutunga mkataba wa sarafu kabla ya mwisho wa 1990, na kikao hichohicho kikatoa tamko la kuunga mkono Wajerumani kurudisha umoja wao kwa kujiamulia wenyewe. Mambo mawili, kikao kimoja, kila mtu anaona. Lakini kuona si kuthibitisha. Ukiandika "yuro ndiyo bei ya muungano" unapata alama za katikati. Ukiandika kwamba muungano uliipa tarehe safari iliyokuwa haina tarehe, na ukamfanya Kohl ashindwe kurudi nyuma, unaanza kusikilizwa.

Hesabu: usiogope. Za kidato cha nne zinatosha ukizitumia bila haraka. Mfano ni zile nambari maarufu za Maastricht, nakisi isizidi 3% na deni lisizidi 60%. Tuseme pato la taifa ni 100 na deni ni 60. Pato likikua 5% kwa mwaka, mfumuko wa bei ukiwamo, mwakani ni 105. 60% ya 105 ni 63. Kwa hiyo unaweza kukopa 3 na deni likabaki palepale kwenye 60%. Basi, umemaliza. Na 60 ilitoka wapi? Ilikuwa karibu na wastani wa nchi wanachama wakati mkataba unatungwa. Ubelgiji na Italia zilikuwa juu ya 100% na zikaingia vilevile, kwa sababu mkataba una kifungu kinachoruhusu deni "linaloshuka vya kutosha". Siasa hiyo.

Sasa cheka kidogo. Hiyo 3% ilizaliwa Paris mwaka 1981. Serikali ya Mitterrand ilitaka kanuni nyepesi ya kuwazuia mawaziri waliokuwa wanapanga foleni kuomba pesa. Ofisa wa bajeti, Guy Abeille, amesimulia mwenyewe hadharani kwamba walichagua kuipima nakisi kwa pato la taifa na 3 ikapatikana ndani ya muda usiofika saa moja, bila nadharia yoyote ya uchumi nyuma yake. Miaka kumi baadaye ikaingia kwenye itifaki ya Maastricht. Na Novemba 30, 2013, Kampala, marais wetu walisaini Itifaki ya Umoja wa Fedha wa Afrika Mashariki. Nakisi isizidi kiasi gani? 3% ya pato la taifa. Deni wao waliweka 50%. Sarafu ilikuwa ianze 2024.

Mchumi wa Kijiweni

Hiyo ya 3% imenimaliza. Nakaa chini, endelea.

Kisiki

Wakuu mnapongezana tu. Tunakwenda kulipa pesa kuwasoma Wazungu wakati nyaraka zetu wenyewe zinaliwa na mchwa. Kwani wao wanakuja kusoma Jumuiya ya Afrika Mashariki?

Mpiga Kasia

Kisiki, wanakuja, nenda Arusha utawakuta. Ila hoja yako naichukua kwa uzito, kwa sababu kozi zenyewe zina doa hapo.

Mkataba wa Roma wa 25 Machi 1957 hufundishwa kama ndoa ya nchi sita za Ulaya. Ukweli ni kwamba sehemu yake ya nne yote inahusu makoloni. Kongo ya Ubelgiji na Ruanda-Urundi zimeorodheshwa kwenye kiambatisho. Algeria imetajwa kwa jina kwenye mkataba, maana Ufaransa ilikuwa inaihesabu kuwa sehemu yake. Ukaundwa mfuko wa maendeleo wa dola milioni 581 kwa miaka mitano, na Ufaransa ilisema wazi kwamba bila hilo haisaini. Ujerumani Magharibi haikufurahia kuchangia makoloni ya wenzake, ila ilichangia. Ndugu zetu wa Bujumbura, Kigali na Bukavu walikuwa ndani ya mkataba huo kabla hata ya kupata uhuru, na hakuna aliyewauliza.

Sisi Tanzania, pamoja na Kenya na Uganda, tuliingia kwa mlango mwingine. Makubaliano ya Arusha, ya biashara na jumuiya hiyo ya Ulaya, yalisainiwa mara ya kwanza 1968, yakafa kwa kutoridhiwa, yakasainiwa upya 24 Septemba 1969. Halafu ukaja mkataba wa Lomé mwaka 1975, kati ya jumuiya hiyo na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki. Kwenye mihadhara niliyokaa, haya yote yalipewa robo saa. Ukilalamika unaambiwa andikia tasnifu. Sawa, basi tuandike.

Nasra_Tanga

Kaka, na alama zao zikoje? Rafiki yangu yuko Ufaransa analia amepata 13.

Mpiga Kasia

Mwambie afute machozi. Ufaransa na Ubelgiji wanasahihisha kati ya 20, na 14 ni ya kutamba nayo. Ujerumani kinyume chake, 1.0 ndiyo juu kabisa na 5.0 umeanguka. Italia ni kati ya 30, na mitihani mingi ni ya mdomo, unakaa mbele ya profesa anakuhoji. Mzigo wa kazi unahesabiwa kwa krediti, 60 kwa mwaka, na kila krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi. Somo la krediti 5 ukiona lina kipindi kimoja kwa wiki usidhani ni mteremko. Saa zilizobaki ni za kusoma, na wanajua kama hukusoma.

Ufaransa pia wana ugonjwa wa mpangilio, hasa watu wa sheria na siasa, insha iwe na sehemu mbili na kila moja vijisehemu viwili. Unaweza kuwa na hoja ya dhahabu ukafelishwa kwa sababu ina sehemu tatu na nusu. Mimi naona ni ushamba wa wasomi, lakini kwao ni dini.

Mnaouliza ada faragha: vyuo vingi vya umma Ujerumani havitozi ada ya masomo. Jimbo la Baden-Württemberg linatoza wasio wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula. Kinachowakwamisha wengi ni viza, wanataka uonyeshe akaunti iliyofungwa yenye pesa ya mwaka mzima. Kuanzia Septemba 2024 kiwango kilikuwa yuro 11,904. Erasmus Mundus, ufadhili wa Umoja wa Ulaya, ni afadhali ukiipata, ada wanalipa na mkononi unapewa yuro 1,400 kwa mwezi. Ushindani wake msiuchezee.

Mwana wa Kisumu

Ndugu Mpiga Kasia, hapo kwa Arusha umenigusa. Sisi huku Kenya tulichoka kungoja wenzetu kwa ule mkataba wa ushirikiano wa kiuchumi na Ulaya, tukasaini wetu Desemba 2023, na ukaanza kazi Julai 1, 2024. Mimi nakumbuka 2014, mazungumzo yalipitisha tarehe na maua yetu yakapigwa ushuru miezi kadhaa. Nataka kuandika tasnifu ya uzamili juu ya hii historia. Nianzie wapi?

Mpiga Kasia

Mwana wa Kisumu, usianze na 2014. Nyaraka za taasisi za Umoja wa Ulaya hufunguliwa baada ya miaka 30, kwa hiyo za mkataba wenu mpya utaishia kwenye taarifa kwa vyombo vya habari na mahojiano, na maofisa wa biashara hawana tabia ya kusema ukweli mbele ya kinasa sauti. Za Arusha 1969 na Lomé zimefunguliwa zamani. Hata za Maastricht ndiyo kwanza zimeanza kufunguliwa, kwa wanaotafuta mada ambayo haijatafunwa.

Hifadhi yenyewe iko Florence, Villa Salviati, chini ya Taasisi ya Chuo Kikuu cha Ulaya. Orodha ya faili iko mtandaoni, unatafuta ukiwa kwenu. Tatizo ni lugha. Kabla Waingereza hawajaingia 1973, Tume ya Ulaya ilikuwa inafanya kazi zake kwa Kifaransa zaidi ya lugha nyingine, na wale waliozungumza na wajumbe wetu waliandika ripoti zao kwa Kifaransa. Usiende bila Kifaransa cha kusomea angalau. Cha kuongea si lazima.

Ila kabla ya kufikiria Florence, ingia Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa pale Moi Avenue, Nairobi, uulize mafaili ya wizara za biashara na fedha ya miaka ya 1963 hadi 1970. Unahitaji upande wa wajumbe wa Afrika Mashariki: walitaka nini, walikubali nini, na kwa nini yale ya 1968 hayakuridhiwa. Upande wa Ulaya utaukuta umeandikwa na wengine. Huo wa kwetu ukiupata, andika sura tatu juu ya Arusha, na huo mkataba wenu wa 2023 uwe sura fupi ya mwisho.

Ukikuta faili imepotea, omba namba ya faili inayotangulia na inayofuata. Mara nyingi makarani walichanganya.